Kisanduku cha Wategemezi

Tarehe 9 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima. Nimefika salama, na dereva wa lori la sponji alinishusha mlangoni kabisa. Umshukuru kwa niaba yangu maana mimi nilisahau. Mkaza mjomba hajambo? Mgongo wake unaendeleaje? Wateja wanalipa, au bado ni njoo kesho?

Chumba nimepata. Kina kitanda, meza, na dirisha linalotazama ukuta wa duka la rangi. Mwenye duka ameujaribia rangi zake zote, kwa hiyo nikiamka natazama viraka vya kijani na bluu. Si pabaya.

Darasa limeanza. Liko juu ya duka la viatu, unapanda ngazi za chuma. Kompyuta ni nane, zinazowaka ni sita, wanafunzi tuko tisa, kwa hiyo kuna wanaokaa wawili wawili kama watoto wa chekechea. Tunasoma Ekseli, ile programu ya hesabu. Ni mistari na safu, na kila mstari na safu vinapokutana kuna kisanduku, ndani yake unaandika namba au neno. Ofisi za fedha haziishi bila hiyo. Wiki ya kwanza haijaisha, mwalimu akapita na ndoo akakusanya vipanya vyote vya kompyuta, vile vya kushika kwa kiganja, akaiweka ndoo juu ya kabati. Akasema, "Karani wa fedha anayeshikashika kipanya ni sawa na dereva anayeshuka kusukuma gari kila kona." Sasa tunatembea kwa vidole, kwa vitufe vya herufi tu. Wenzangu wananung'unika. Mimi sijali.

Kozi ikiisha naweza kuomba kazi ya ukarani wa fedha. Sitaki kurudi kwenye ukeshia wa lile duka la vifaa vya ujenzi. Pale kila aliyemjua marehemu mume wangu anasimama, anashika mkono wangu, anatoa pole upya, na nyuma yake foleni inasubiri misumari. Nataka ofisi ambayo watu wanatazama skrini.

Nguo za mtoto ziko kwenye begi la bluu. Sweta linambana shingoni. Ukimvisha uanze na mkono wa kushoto, kisha kichwa, ndipo mkono wa kulia. Ukianza na kichwa atapiga kelele.

Mpwa wako.


Tarehe 27 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba, marahaba sana. Barua yako imenifikia ikinuka gundi ya sponji, nikajua dereva ameilalia. Mkaza mjomba wako hajambo. Asubuhi unamsumbua mgongo, jioni ananisumbua mimi. Wateja ni wale wale: mtu anakuletea kochi lililotoa springi kama mbavu za punda, anataka lirudi jipya kwa bei ya uzi.

Umefanya vizuri kuandika. Watu wananiambia, mzee, siku hizi kuna simu. Nawajibu kwamba simu ni ya wenye masikio. Tangu masikio yangu yafunge duka, simu kwangu ni tochi. Na ule ujumbe wa kubonyeza, vidole hivi vya kuvuta magunia vinabonyeza herufi tatu kwa mpigo mmoja. Mkaza mjomba wako angeweza kunibonyezea, lakini hapo ningekuwa naongea na wewe, au naongea na yeye? Wacha dereva atubebee. Barua haina haraka, na sponji haiivunji.

Mwalimu wa ndoo amenifurahisha. Mwambie akikosa kazi huko aje nimpe nyundo.

Sasa habari za hapa. Mwanao tunashinda naye karakana. Nimempa sumaku nimeifunga kamba, kazi yake ni kuokota pini na misumari midogo sakafuni, maana macho yangu na sakafu hayaelewani. Anaiburuta kama mbuzi wake. Wateja wameanza kumwita Pini, na sasa ukimwita jina lake haitiki. Miaka sita tu, ameshajua kwamba akitaka kuongea nami lazima anishike kidevu anigeuze nimsome midomo. Wako watu wazima hapa mtaani wamenijua miaka ishirini na bado wanaongea na kisogo changu.

Habari ya sweta nimeielewa. Ila barua nzima nimeitafuta salamu yake, sikuiona. Labda imedondokea kwenye lori.

Mjomba wako, fundi makochi.


Tarehe 20 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Habari zenu nimezipata. Poleni na mgongo. Pini ni jina zuri.

Huku tumefika kwenye fomula. Ipo moja ya kutafuta. Una orodha ya wafanyakazi mia mbili na mishahara yao. Unaandika jina la mmoja, fomula inashuka na orodha yote inamtafuta, inakuletea mshahara wake. Isipompata haibahatishi. Inaandika alama ya kosa, basi. Nimeipenda. Watu wakiulizwa wasichokijua wana tabia ya kujazia.

Baada ya darasa nabaki kufanya mazoezi mpaka mwenye duka la viatu agonge ngazi kwamba anafunga. Mwalimu amesema mbele ya wote kwamba mimi nina mikono ya kazi hii. Wenzangu wakapiga makofi. Nilijua kwamba hapo mtu hufurahi, nikatabasamu.

Najua utaniuliza naendeleaje, basi nikujibu mapema. Nakula. Naoga. Nalala usingizi mzuri kuliko zamani. Kulia sijalia mpaka leo. Hata msibani sikulia, na watu walikuwa wamekaa wakinitazama na kusubiri. Unajua ukiukalia mguu vibaya unakufa ganzi, ukiugusa unaona kama mguu wa mtu mwingine? Ndivyo nilivyo mwili mzima. Haiumi, Mjomba. Usinionee huruma.

Dereva anasema sponji imepanda bei. Ni kweli?

Mpwa wako.


Tarehe 11 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Sponji imepanda, ahsante kwa kuulizia. Pini naye amepanda, magauni yamebaki juu ya magoti, lakini huyo hukumuulizia.

Jino lake la mbele limeng'oka. Hakulia. Alilileta karakana kwenye kiganja akauliza kama naweza kulishonea, maana ananiona nashona kila kitu. Nikamwambia nyuzi zangu ni za makochi. Akafikiri kidogo, kisha akanishika kidevu: "Babu, mama atanijua bila jino?" Nikamwambia atakujua kwa masikio. Akaenda kuyaangalia kwenye kioo, akakaa huko muda mrefu.

Kuhusu ganzi, hapo umeingia kwenye kazi yangu. Maisha yangu yote nimekalia mguu mmoja nikigonga misumari kwenye makochi ya watu. Ganzi haiumi, kweli kabisa. Siku yake ni pale inapotoka. Mguu unachoma kama umepigwa sindano elfu, unatamani ulale tena kama ulivyokuwa. Fundi mgeni ikimfika hiyo anakaa chini, ganzi inarudi, na kesho hivyo hivyo. Fundi mzoefu anakanyaga. Anatukana, lakini anakanyaga. Sijakuambia kitu, nimekupa habari za miguu tu.

Kuna jambo jingine dogo hapa nyumbani. Si la kuandika. Litakaa.

Mkaza mjomba wako anakusalimu. Anamfumia Pini sweta jipya, lile la zamani linaelekea kuwa soksi.

Mjomba wako.


Tarehe 30 Mei

Mpwa wangu,

Lori limekuja mara mbili na dereva ameshuka mikono mitupu. Mara ya pili alianza kunitingishia kichwa akiwa bado hajazima injini. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, ila mimi kiziwi, mshindo ukija hautanishtua. Kwa hiyo heri uniandikie.

Hatujambo. La haraka ni hili. Shule hapa wanaandikisha watakaoingia darasa la kwanza mwakani. Wanataka jina la mzazi, na mzazi aje mwenyewe aweke sahihi. Mwisho ni mwisho wa Agosti. Nani aandikwe?

Mkaza mjomba wako ameshanunua kitambaa cha sare. Sikumtuma.

Mjomba wako.


Tarehe 16 Juni

Mjomba,

Shikamoo, na mkaza mjomba shikamoo yake. Barua zako mbili nilizipata. Dereva hana kosa. Poleni kwa kusubiri.

Kozi imekwisha na kazi nimepata. Mimi sasa ni karani msaidizi wa fedha, kwenye kampuni inayosambaza vifaa vya umeme madukani. Nakueleza mtihani ulivyokuwa kwa sababu najua utaupenda.

Tuliitwa wanne, tukakalishwa kwenye chumba chenye zulia. Mhasibu mkuu ni mama mmoja mnene, miwani yake inaning'inia kwa uzi, haongei ila akiwa na haja. Alitupa jedwali la mauzo ya maduka wanayoyauzia, tutafute wastani wa mwezi. Wenzangu wakaanza kulalamika kwamba vipanya vinakwama. Cha kwangu kumbe kilikuwa kimekufa kabisa. Nilikuja kuambiwa mwishoni, maana sikuwa nimekigusa.

Nilimaliza wa kwanza, na nilikosea. Visanduku vingine havikuwa na kitu ndani. Mimi sipendi mapengo, nikavijaza sifuri vyote. Wastani ukaporomoka. Yule mama akaja akasimama nyuma yangu. Akasema, "Kisanduku kitupu maana yake taarifa ya duka haijafika. Programu inakiruka, inasubiri. Sifuri maana yake duka lilifungua mlango mwezi mzima na halikuuza hata balbu. Wewe umefilisi watu ambao taarifa zao ziko njiani." Nikaomba nirudie. Nikafuta sifuri moja moja mpaka mapengo yakarudi. Akanichukua. Siku ya kwanza kazini aliniambia wale wengine watatu walikosea kama mimi, ila wao walibisha.

Ofisi ni nzuri. Watu wanatazama skrini. Wanajua nina mikono, basi.

Kuhusu shule. Aandikwe mkaza mjomba. Yeye ndiye aliye hapo, ndiye anayemwosha na kumvisha. Nimelifikiria na sikuona ugumu wowote. Sare ataishona vizuri. Matumizi ya mtoto nitatuma kwa dereva kila mwezi.

Mpwa wako, karani wa fedha.


Tarehe 5 Julai

Mama Pini,

Nimekuita hivyo kwa makusudi. Marahaba, na hongera ya kazi. Pale kwenye kipanya mfu nilicheka mpaka mteja akarudi nyuma na kiti chake. Basi, maneno matamu ya barua hii yameishia hapo.

Kuna jambo nililokuficha tangu Aprili. Wateja wanamwita mkaza mjomba wako Mama Pini. Mwanzoni alikuwa anawasahihisha, "Mimi ni bibi yake." Siku moja hakumsahihisha mtu. Kesho yake pia. Sasa mtoto mwenyewe anamwita mama. Sauti sisikii, lakini midomo nasoma, na mama ni neno la kufunga midomo mara mbili, hata kiziwi halimpiti.

Unajua sisi hatukujaliwa. Mke wangu amefuma visweta vya watoto wa watu mpaka macho yamechoka. Nilipomwonyesha ule mstari wako kwamba aandikwe yeye, alitafuta pa kukaa. Halafu akaniambia, "Kuzaa si kazi, kazi kulea." Ni kweli. Lakini wahenga hao hao walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wametuachia zote mbili, wakaenda zao kulala makaburini, na mimi niko katikati na nyundo yangu.

Na mimi nikuambie la kwangu, nisije nikajifanya hakimu. Nataka abaki. Akinishika kidevu asubuhi nasahau kuwa nimezeeka. Ungenipa mtoto huyu kwa moyo wako wote, ningempokea kwa mikono miwili na ningekuombea mpaka nife. Ila wewe hunipi. Wewe unamwacha, kama mtu anavyoacha mwavuli dukani mvua ikikatika. Nimekasirika na sitaki kukuficha.

Kwa hiyo nakuuliza kwa lugha ya ofisini kwenu. Kama ni sifuri, niandikie sifuri kwa mkono wako, nami nitamwandikisha kwa jina la mke wangu na hutasikia tena neno la shule. Kama taarifa iko njiani, sema iko njiani. Sijaenda popote. Nasubiri lori.

Mjomba wako.


Tarehe 9 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako niliisoma, nikaikunja, nikaenda nayo kazini kwenye mfuko wa sketi. Nimekuwa naenda nayo kila siku.

Kampuni inatukatia wafanyakazi bima ya matibabu. Nikapewa mimi kuandaa jedwali: jina, idara, wategemezi. Wategemezi ni wale wanaokula kwa mkono wako. Nikazunguka meza kwa meza nikiuliza. Dereva wa kampuni ana watoto watano. Mlinzi ana mama yake. Mhasibu mkuu, mtu mzito vile, alinijibu bila kuinua kichwa, "Dada yangu. Haoni." Nikaandika moja. Kila mtu alikuwa na jibu lake tayari mdomoni. Orodha ikajaa, kikabaki kisanduku kimoja kitupu, kwenye mstari wangu mwenyewe.

Nikaandika sifuri. Nakuambia ukweli, sikusita. Jumla kule chini haikusogea hata kidogo. Nikakaa nikiitazama. Nikakumbuka maduka niliyoyafilisi. Nikakumbuka habari ya jino, na mtoto anayeangalia masikio yake kwenye kioo. Nikaifuta.

Sasa nikuambie nisilomwambia mtu. Anacheka kama baba yake. Kile kicheko kinachoanzia puani, unakijua. Baada ya msiba, kila akicheka nilikuwa nageuka kumtazama mwenyewe mlangoni, na mlangoni hapana mtu. Sikumgombeza hata mara moja. Lakini watoto wanaona. Akaanza kujiziba mdomo kwa kiganja kila nikiingia chumbani. Miaka sita, Mjomba, anazuia kicheko ili asinishtue. Nikaona heri acheke kwenu kuliko anyamaze kwangu. Halafu mlipokuwa mnaniandikia habari zake nilikuwa nazisoma kama habari za mtoto wa jirani, na hilo nalo lilinipa nafuu.

Nikaandika moja. Jumla ikasogea. Hapo ganzi ikatoka, mchana kweupe, watu wamekaa, mashine ya fotokopi inapiga kelele. Ilinichoma kuanzia kifuani mpaka kwenye vidole. Nililia kwa sauti mbaya ambayo sikuijua kuwa ninayo. Mhasibu mkuu akaja, akavaa miwani, akasoma skrini juu ya bega langu. Akaenda kufunga mlango, akarudi kwenye kiti chake akaendelea na kazi. Namheshimu sana.

Msimwandikishe. Nitakuja na lori la sponji mwisho wa mwezi. Nimemwomba dereva kiti cha mbele, na kurudi tutakuwa wawili. Shule iko nyuma ya ofisi, ina darasa la awali la kuanzia sasa hivi, nimeshakwenda kuona. Ulisema fundi mzoefu anakanyaga. Mimi si mzoefu na ninaogopa, ila nitakanyaga.

Mkaza mjomba sijui umwambie nini. Nimeanza sentensi yake mara nyingi na kila mara nimeifuta.

Mama Pini.


Tarehe 20 Septemba

Mama Pini, mpwa wangu,

Marahaba. Naamini mnaamka salama wote wawili. Shule ameizoea? Jino limeota, au bado anapiga mluzi akiongea?

Ulikaa kwetu siku moja tu, na mke wangu hakukupa nafasi ya kusema lolote. Alikukaribisha, akakulisha, akalifunga begi la bluu mwenyewe. Sweta jipya alilikunja mara tatu ndipo likamridhisha. Na sare aliyoishona akaiweka ndani, ingawa ulishamwambia shule yenu ni rangi nyingine. Lori lilipowaka likatikisika, Pini akacheka. Sikusikia, niliona mabega yake. Nikaona na wewe umegeuka kutazama nje, kisha ukarudisha macho kwake. Nikasema moyoni, huyu amekanyaga.

Sasa za huku. Sakafu imejaa pini. Sumaku aliniachia, akanionyesha jinsi ya kuiburuta, ila mkono hauendi. Mkaza mjomba wako hajambo. Anakula. Anaoga. Anapika cha watu watatu na tunakula wawili. Kulia hajalia. Unaona nimekuazima maneno yako, maana sina mengine. Nilijaribu kumpa ile habari ya miguu. Akaniambia nirudi kwenye makochi yangu.

Mimi nimelia, karakana, nimejifungia na kochi la mtu. Nakuambia ili usidhani nimekuwa jiwe. Ulifanya lililo sawa, na mimi ndiye niliyekusukuma. Lakini mtu anaweza kusukuma mlango kwa mkono wake mwenyewe na ukambana vidole.

Juzi mteja alikuja akapiga hodi, midomo nikaisoma: "Mama Pini, fundi yupo?" Nikamtazama mke wangu, nikasubiri amsahihishe. Akasema, "Yupo, karibu." Akampa kiti.

Nina ombi. Barua ijayo usiniandikie mimi. Mwandikie yeye, na juu ya bahasha usiandike mkaza mjomba. Najua jina ni lako, na najua ulivyolipata tena kwa shida. Nakuomba umwazime.

Dereva anaondoka Jumanne.

Mjomba wako.


Tarehe 8 Oktoba

Mama Pini,

Shikamoo mama. Natumai mgongo umekupa nafuu na mjomba hakuudhi sana.

Mtoto mzima. Jino limechungulia. Jumamosi anavaa ile sare uliyomshonea, nyumbani tu, anacheza nayo na hataki niifue. Anacheka, zaidi akiwa na wenzake. Mbele yangu bado anaangalia kwanza uso wangu ulivyo, halafu ndipo anaamua. Mimi bado inanichoma. Sikai chini.

Asubuhi akiamka anaita mama. Naitika, nakwenda. Akifumbua macho akaona ni mimi, anasema shikamoo.

Leo kulikuwa na baridi. Lile sweta la zamani halimwingii kabisa, nikatoa lako. Nilianza na mkono wa kushoto kama nilivyozoea, likagoma. Nikaanza na kichwa, akapiga kelele. Nikamwuliza huwa unamvishaje. Akasema, "Mama anajua." Ameenda shule na shuka langu mabegani, watu wakimtazama, na mimi nikabaki nimesimama mlangoni na sweta mkononi.

Naomba unifundishe. Unaanza na mkono gani?

Mama mwenzako.